Kiti cha Wateja

Mvua ilianza kumnyeshea mwalimu mstaafu kabla hajamaliza kutaja siku anayoitaka. Ilianza kwa manyunyu begani, ikashika kasi, ikamlowesha kofia yake pana na mkoba aliokuwa ameupakata. Bi Misimu alisogeza ndoo kwa ncha ya kiatu, akamnyooshea taulo kutoka kwenye rundo lililokuwa kando ya kompyuta, na akamwambia kwa upole kwamba siku za mwezi huo kule juu mlimani ndivyo zilivyo.

"Afadhali nilowe hapa," mwalimu alisema akijifuta shingo. "Jirani yangu alikwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara, wakamwambia ni mwezi mzuri kabisa. Amerudi anakohoa mpaka leo."

"Wale hawana kiti, mama."

"Hawana?"

"Wana picha tu ukutani."

Kiti chenyewe, ukikitazama, hakikuwa na lolote la kumfanya mtu ageuze shingo. Kilikuwa cha mbao, chenye mto wa kijani uliopauka, na kilikuwepo ofisini tangu kabla Tajiri hajainunua kampuni hiyo ya kupandisha wageni mlimani. Mteja aliketi, akataja siku anayotaka kuwa mlimani, na hali ya hewa ya siku hiyo, pale hasa atakapokuwa, ikamshukia. Wengine walipata ukungu, wakawa sauti tu mpaka wataje siku nyingine. Wengine walipata mvua ya mawe, na kwa ajili yao kulikuwa na kofia ngumu chini ya meza. Sakafu ilikuwa imeinamishwa kidogo kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, na watu wa afya walipokuja kukagua walichotaka ni waya za umeme zipandishwe juu ukutani, basi.

Nchi ikiwa na milima mingi kiasi kile, kuchagua msimu wa kusafiri si jambo la kubahatisha. Bonde hili watu wanaanika nguo, bonde la pili masikio yanaganda. Ndiyo maana ofisi ile haikukosa watu, na ndiyo maana wateja walimwita karani wake Bi Misimu, wakasahau kuuliza jina lake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuupanda mlima hata nusu, maana pumzi zilimgomea tangu utotoni. Yote aliyoyajua kuhusu mlima aliyajua kwa kudeki.

Mwalimu alikuwa na haraka yake. Dada yake, ambaye hakuonana naye miaka mingi, alikuwa amekuja kutoka mbali na angeondoka kabla ya kiangazi, na wote wawili walikuwa na hamu ya kuliona ziwa lililo juu ya mlima kabla magoti hayajawagomea. Bi Misimu alimhurumia. Akamwambia ajaribu siku za mbele kidogo, zile za mwisho mwisho wa mvua. Mwalimu akataja siku moja, akapata ukungu. Akataja ya pili, akapata upepo uliomrusha kofia mpaka kwenye kabati. Akataja ya tatu, na jua likamwagika juu ya magoti yake.

Lilikuwa jua la asubuhi, safi, lenye harufu ya majani yaliyolowa na sasa yanakauka. Nyuki mmoja alizunguka kofia yake akaenda zake. Mwalimu alifumba macho, na uso wake ukalegea.

Tajiri alitoka ofisini kwake kwa ile harufu. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na adabu zake, mtu wa kukuulizia hali ya mama yako kabla hajakwambia jambo lolote, na viatu vyake havikuwahi kuonja tope.

"Tarehe gani hiyo, Bi Misimu?"

Akamtajia.

"Mapema hivyo?" Tajiri alinyoosha mkono, akauweka juani, juu ya bega la mwalimu, akaugeuzageuza. "Na sisi tunakaa tu kusubiri kiangazi. Basi mwaka huu msimu tunaufungua siku hiyo. Kabandike dirishani."

Akabandika. Ilikuwa kazi yake. Alipokuwa akiibandika karatasi ile ndipo alipofikiri ni nani wanaowatangulia wageni, akabaki amesimama na utepe wa gundi mdomoni.

Wageni waliokwenda na jua lao hawakuukuta mlima mtupu. Walikuta njia imefyekwa, madaraja ya kamba yamefungwa upya, mahema yamesimama, magodoro ndani yake, na mitungi ya gesi imepangwa kwenye jiko la kambi. Hivyo vyote vilipandishwa migongoni na vibarua walioitwa wafungua njia, nao walipanda wiki kadhaa kabla ya msimu, ili msimu ukifika ukute kila kitu tayari. Waliingilia mlango wa nyuma, karibu na stoo, wakatokea huko huko. Hakuna aliyewahi kuwauliza msimu upi ni mzuri kwao. Ukitaka jua la wageni lianze mapema, wafungua njia sharti wawe shingoni mwa mlima, pale njia inapobana kati ya kilele na kilele, wakati mvua imechachamaa. Na kiongozi wa wafungua njia alikuwa kaka yake Bi Misimu, tumbo moja.

Walimwita Turubai, kwa sababu maturubai ya mahema hakumwachia mtu mwingine ayabebe.

Bi Misimu alikwenda kumwomba Tajiri wasogeze tarehe mbele. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jua si umeliona mwenyewe?" alisema.

"La wageni, bosi. Wafungua njia wanatangulia."

"Wamezoea hao. Kaka yako ndiye mlima wenyewe." Kisha akamuuliza hali ya mama yake.

Mama yake ndiye aliyekuwa akifua mataulo ya ofisi. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua, na uani kamba za nguo zilipishana kila upande, hata mgeni akija lazima ainame chini ya mataulo matatu manne kabla hajafika mlangoni. Jioni ile mama alikuwa akikamua na hakusimama alipoambiwa.

"Mwambie asiende," alisema. "Mimi ananipiga chenga. Wewe anakusikia."

"Asipokwenda watampeleka mwingine, Mama."

"Mwingine ana mama yake. Mimi nasema habari ya wangu."

Maneno hayo yalikuwa machungu na mama aliyajua, akaendelea kukamua taulo lililokwisha kukauka.

Ndipo Bi Misimu alipopata lile wazo, na alipolipata alishangaa kwamba halikumjia siku zote hizo. Kiti kilikuwa pale. Tako ni tako, la mteja na la kibarua. Mchana uliofuata, Tajiri alipokwenda kula, alimpitisha kaka yake mbele, kwenye zulia, mpaka kwenye kiti cha wateja.

Turubai alikung'uta suruali yake nyuma kabla ya kukaa. Alikaa kwenye ukingo, kama mtu aliyealikwa nyumba asiyoizoea.

"Kumbe mto wenyewe mgumu hivi," alisema. "Na watu wanajazana."

"Kaka, acha mzaha. Taja siku mtakayopita shingoni."

"Nikipigwa na radi, utawaambia nini wateja?"

"Taja."

Akaitaja. Bi Misimu alikuwa ameshika taulo mikono miwili, roho juu. Akijua kitakachomshukia, angekuwa na la kusema. Angemburuta kwa Tajiri vile vile akiwa chapachapa, akamwonyesha.

Wakasubiri. Halikushuka tone. Hapakuwa na ukungu, wala mawe, wala theluji. Turubai aliinua uso akatazama dari, akanyoosha kiganja, akakirudisha kikiwa kikavu.

"Unaona sasa," alisema. "Mimi na mlima tunaelewana."

Bi Misimu alicheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa taulo la ofisi. Miaka yote aliyofanya kazi pale, kukauka kulikuwa habari njema. Mteja mkavu alikuwa mteja aliyefurahi, na mteja aliyefurahi alirudi na picha na kumshukuru. Hakuwa na sababu ya kufikiri vingine. Aliona, ndiyo, kwamba kola ya kaka yake haikutikisika hata kidogo, na kwamba hapakuwa na harufu yoyote, si ya majani wala ya jiwe. Aliyaona, akayaita utulivu. Alimpelekea mama habari hiyo jioni, na mama akaketi chini juu ya mataulo makavu, akashukuru kwa sauti, na usiku huo nyumba nzima ilikula vizuri na Turubai akaiga sauti ya Tajiri mpaka mama akamwomba aache, mbavu zinamuuma.

Wafungua njia walipanda asubuhi, mvua ikinyesha. Bi Misimu hakuwa na wasiwasi.

Siku ya kupita shingoni, alikuwa na mteja kitini, kijana wa harusi aliyekuwa akitafuta siku ya kumpeleka mchumba wake. Kijana alikuwa ametaja siku mbaya na mvua ilikuwa ikimpiga sawasawa, anacheka, anatema maji. Katikati ya kicheko mvua ikakatika. Haikupungua wala haikupita, ilikatika tu, na hata matone yaliyokuwa njiani hayakufika chini.

"Imetengemaa," kijana alisema. "Basi nichukue hiyo hiyo."

Bi Misimu alizunguka meza, akaweka mkono wake hewani, juu kidogo ya bega la kijana. Hakuhisi baridi wala joto. Hakuhisi kitu. Akakumbuka kola ya kaka yake ilivyokuwa haitikisiki siku ile, na akaelewa alichokitazama na kukichekea. Mtu aliye juu ya ardhi hakosi kupata kitu, hata kama ni upepo kidogo. Chini ya udongo hakuna jua, hakuna mvua, hakuna msimu. Kiti kilikuwa kimesema kweli yote, na yeye aliisikia akaibusu.

Alimwomba radhi mteja, akaenda stoo, akajifungia, akalia huku amejiziba mdomo kwa taulo, kwa sababu saa za kazi zilikuwa hazijaisha.

Habari ililetwa na Mrefu, kibarua aliyekuwa akitembea nyuma ya Turubai na aliyempenda kama ndugu. Alikuja kwa mlango wa nyuma na kofia ya sufi mkononi. Alisema walishafunga daraja na njia ilikuwa imefunguka. Turubai alirudi kidogo kuchukua turubai la mwisho, na upande wa mlima ukashuka wote kwa mara moja, pamoja na miti yake iliyosimama. Walichimba mpaka majembe yakakatika mipini. Waliambulia kofia.

"Njia je?" Tajiri aliuliza, baada ya kutoa pole kwa maneno mazuri ambayo hata Mrefu aliyaitikia kwa kichwa.

"Njia iko wazi. Udongo ulishukia upande wa pili."

"Mungu mkubwa," Tajiri alisema.

Msimu ukafunguliwa tarehe ileile. Mwalimu mstaafu na dada yake walikwenda, wakaliona ziwa, wakapigwa na jua zuri mpaka pua zikababuka. Aliporudi alipitia ofisini makusudi, akamshika Bi Misimu mikono yote miwili.

"Ulinichagulia vizuri, mwanangu. Maisha yangu yote sikuwahi kuona asubuhi kama ile. Mungu akulipe."

"Asante, mama," Bi Misimu alisema. Alimpenda mwanamke yule na alitamani asimwone tena.

Kiti hakikupona. Aliyeketi akataja siku yoyote, katikati ya mvua au kiangazi, alikaa mkavu ndani ya ule utulivu usio na harufu. Mwanzoni Tajiri alifurahi, maana kila siku ilikuwa siku nzuri na biashara ikapamba moto. Kisha wateja wakaanza kurudi na mafua na vidole vilivyokufa ganzi, wakidai wamedanganywa, na mmoja akatishia kwenda kwa wakili. Tajiri akasema kiti kimechakaa. Akaagiza kingine, cha chuma, chenye mto wa buluu, na siku kilipoletwa fundi aliyekileta alikikalia kukijaribu akalowa mpaka soksi. Kilikuwa kizima.

Cha zamani alikibeba Bi Misimu kichwani mpaka nyumbani. Mama alikipokea mlangoni bila kuuliza, akakipangusa, akakiweka karibu na dirisha na kuitundika kofia ya sufi kwenye egemeo lake. Kaburi hawakuwa nalo. Bati la chumba kile lilivuja tangu zamani, lakini matone yaliyodondoka juu ya kiti hayakufika. Mama alizoea kuketi pembeni yake akikunja mataulo, na mara kwa mara aliulaza mkono wake juu ya mto wa kijani na kuuacha hapo.

"Angalau hapati baridi," alisema siku moja.

Bi Misimu alitoka nje akaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Mwaka ukazunguka. Tarehe ya mapema ilikuwa imewaletea wageni wengi, na Tajiri akaibandika tena dirishani mwenyewe. Safari hii Bi Misimu alipiga moyo konde, akamfuata ofisini kwake akamweleza yote: maana ya ukavu ule, kola isiyotikisika, mvua iliyokatika. Tajiri hakubisha hata neno moja. Alisema jambo hilo ni la msaada mkubwa, na kwamba kuanzia sasa kila mfungua njia apitie kwenye kiti kwanza. Atakayekutwa mkavu wa namna hiyo atabadilishwa, aende mwingine mahali pake.

Wakapangwa foleni, kwa mara ya kwanza kupitia mlango wa mbele, viatu mkononi ili wasichafue zulia. Mmoja mmoja waliketi, wakataja siku ya kupita shingoni, wakanyeshewa, wakainuka wakicheka na kukamua mashati yao. Mrefu, ambaye sasa ndiye kiongozi, aliketi wa mwisho. Halikushuka tone.

Bi Misimu alisogeza mkono juu ya bega lake. Hakuwa na haja.

"Mbadilisheni," Tajiri alisema kwa huruma.

Wakamweka mwingine awe kiongozi. Yule aliyekuwa amelowa dakika chache nyuma aliketi tena, akataja siku ileile, na shati lake lililolowa likakaa kimya juu yake, hakuna kitu. Wakamweka wa tatu. Vivyo hivyo. Yeyote aliyepewa nafasi ile ya mbele, kiti kilimnyamazia. Vibarua walitazamana, kisha wakatazama viatu vyao.

"Si mtu, bosi," Bi Misimu alisema. "Ni tarehe. Mrefu, kaa tena kama kiongozi. Taja siku ya wiki mbili baada ya hiyo."

Mrefu akaketi, akaitaja. Mvua ikamwangukia kama ndoo iliyopinduliwa. Ilimpiga kichwani, ikamwingia masikioni, ikatiririka puani, na Mrefu akaanza kucheka kwa sauti, mikono wazi, akinywa maji yale. Wenzake wakacheka naye. Bi Misimu alisimama ndani ya matone hayo na viatu vyake vya ofisini na hakutafuta taulo. Toka siku ya ile kofia hakuwa amefurahi namna ile.

Tajiri alirudi hatua mbili nyuma, kuokoa viatu.

"Mvua yote hiyo?" alisema. "Wiki mbili mbele? Hapana, Bi Misimu. Mtu mwenye utu hawezi kuwapeleka watu kwenye mvua kama hiyo. Ile tarehe yetu ni kavu." Akamgeukia Mrefu. "Wewe una uzoefu. Utaongoza wewe."

Akasubiri kidogo kama kuna swali. Akaingia kwake akafunga mlango taratibu.

Bi Misimu alimshika Mrefu mkono akamwambia asiende, aumwe, apotee, afanye lolote. Mrefu alijifuta uso.

"Nikiumwa atakwenda shemeji yangu," alisema. "Umeona mwenyewe, dada. Kiti hakimtaki mtu maalumu."

Akavaa viatu vyake. Aliuliza kama anaweza kuchukua taulo moja mpaka nyumbani, atalirudisha kesho, na Bi Misimu akampa mawili.

Jioni aliinama chini ya kamba za nguo, akaingia ndani, akaketi bila kuvua viatu vilivyolowa. Mama alivitazama viatu vile.

"Nani?" aliuliza.

"Mrefu."

"Ana mama?"

"Alikufa. Ana mke na mtoto mchanga. Wamepanga chumba kimoja."

Mama aliweka chini taulo alilokuwa akikunja. Akainuka, akashika meza kwa upande mmoja, akamwonyesha binti yake kwa macho ashike upande wa pili. Wakaisukuma mpaka ukutani, na mama akafagia ile nafasi iliyobaki wazi kando ya kiti cha kijani.

"Basi kiti chake kitakaa hapa," alisema.